Kompyuta Isiyokidhi Masharti

Karani wa dirisha namba mbili kwenye ofisi ya ardhi alikuwa na tabia ya kuwajibu watu bila kuwatazama. Kioo cha kompyuta yake kilikuwa kimeinuliwa juu mno, kiasi kwamba aliyesimama nje ya dirisha aliona paji la uso tu, na sauti ikatokea nyuma ya kioo kana kwamba mwenyewe yuko chumba cha pili. Jumatatu hiyo, paji la uso lilimwambia Bi Taipu kwamba karatasi zake hazipokelewi.

"Hazipokelewi vipi, mwanangu?" Bi Taipu aliuliza. "Haya ni maelezo ya viwanja vya wakazi wa mtaa wetu. Nyumba thelathini na nane. Tangazo linasema mwisho Ijumaa."

"Tangazo umelisoma lote?"

"Nimelisoma."

"Basi hukulielewa. Maelezo yanatumwa kwenye ukurasa wa ofisi, kwa kompyuta. Karatasi tumeachana nazo."

Nyuma ya Bi Taipu alisimama mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa alitengeneza redio. Alikuwa amekumbatia boksi la karatasi na jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Aliiona shingo ya mkewe ikikakamaa. Mwanamke huyu alikuwa amepiga chapa mahakamani miaka ishirini na miwili. Mahakimu wazima walikuwa wakisimama mlangoni kwake kusubiri vidole vyake vimalize. Leo anaambiwa hakuelewa tangazo.

"Huo ukurasa nimeujaribu," Bi Taipu alisema. "Unanifukuza. Unaniambia mfumo wa kompyuta yangu ni wa zamani."

"Basi ni wa zamani."

"Lakini kompyuta inafanya kazi vizuri tu."

"Mama, hata punda anafanya kazi." Watu wawili watatu kwenye foleni walicheka, na karani akatiwa moyo. "Nunua mpya. Ofisi inakwenda na wakati."

"Miaka miwili iliyopita tuliyaleta maelezo haya haya, hapa hapa dirishani. Ukayapokea wewe mwenyewe. Kila mmoja ukamsainisha daftari."

"Yale yalikuwa ya mpango ule wa zamani."

"Yako wapi sasa?"

"Yamehifadhiwa. Sikilizeni, agizo limetoka juu, mimi sina la kufanya. Kiwanja ambacho maelezo yake hayajafika Ijumaa saa tisa alasiri kitaandikwa kiwanja wazi. Na mashahidi waje hapa siku hiyo hiyo kuthibitisha. Shahidi aliyefariki, tuonyeshwe saini yake. Anayefuata!"

Kiwanja wazi. Maneno mawili tu, na mtu aliyezaa, akalea na kuzeeka ndani ya nyumba yake anageuka hewa. Fundi alitaka kumuuliza yule kijana kama yeye amewahi kulala kwenye kiwanja wazi chenye paa, mlango na sufuria jikoni. Lakini anayefuata alikwisha wasukuma pembeni, na boksi lilikuwa zito.

* * *

Sebule yao ndiyo iliyokuwa ofisi ya Bi Taipu. Dirisha lilitazama barabarani, na mteja aliweza kusimama nje akaeleza shida yake bila kuvua viatu. Kompyuta ilikaa kwenye meza ya kulia chakula, kwa hiyo chakula kililiwa magotini. Ganda lake lilikuwa jeupe zamani. Sasa lilikuwa na rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Herufi za kibodi zilikuwa zimefutika zote, jambo ambalo halikumsumbua mwenyewe hata kidogo. Pembeni ilikaa printa yenye kasoro moja: kila karatasi iliyotoka iliachwa na mstari mwembamba mweusi pambizoni, upande wa kushoto. Fundi alishaifungua mara nne na mstari haukuondoka. Watu wa mtaani waliuita saini ya Bi Taipu.

Jumanne Fundi alikwenda duka la kompyuta. Mwenye duka alisikiliza umri wa mashine, akaguna, akasema, "Hiyo mzee ipeleke makumbusho." Bei ya mpya ilimfanya Fundi ashukuru na kutoka kwa adabu, kama mtu aliyeingia msibani kwa watu asiowajua.

Akaenda kwa mwenzake, fundi simu wa sokoni. Huyo hakucheka. Alimpa flashi moja nyekundu.

"Humu mna mfumo mpya," alisema. "Kwa kawaida ukianza kuingia huikagua mashine kwanza. Ikiwa na umri kama wa hiyo yenu, unagoma. Mimi huo ukaguzi nimeuondoa. Utakutisha kidogo kwa maneno, usibabaike. Bonyeza tu uendelee."

"Na mashine itauweza?"

"Itahema. Lakini itauweza. Hawa watu wanatutupisha vitu vizima, kaka yangu. Hakikisha tu kazi za shemeji umezitoa kwanza, maana mfumo ukiingia unafagia kila kitu."

Jumatano asubuhi Bi Taipu alijifunga kitenge apite nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wawe tayari na mashahidi wao. Fundi alikuwa amekwisha kaa mbele ya mashine, miwani kwenye ncha ya pua.

"Kazi zako zote zimo humu?" aliuliza.

"Zote zimo. Usije ukanipotezea hata moja."

"Mke wangu, mimi nimefungua redio za watu kabla hujajua kuandika jina lako."

"Redio haina maelezo ya viwanja vya watu," alisema Bi Taipu, akatoka.

Fundi alifungua mahali palipoandikwa Nyaraka. Alikuta mafaili mengi, barua, risala, maombi ya kazi, akayanakili yote kwenye flashi ya pili na kuyahesabu mara mbili. Alikuwa mtu makini, na hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Kisha akachomeka flashi nyekundu. Mashine ikafikiri, ikafikiri, ikamwambia nafasi haitoshi.

Akaanza kutafuta kilichojaza nafasi. Pembeni mwa kioo palikuwa na picha ya kikapu cha taka, kimefurika. Akakifungua: maelfu ya mafaili, taka ya miaka kumi na moja. Fundi alicheka peke yake. Mwanamke anafagia uani mara mbili kwa siku, lakini ndani ya kompyuta hajawahi kumwaga taka hata mara moja! Akabonyeza. Mashine ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta kabisa.

"Nina hakika," Fundi alijibu kwa sauti, kama alivyozoea kuzungumza na redio.

Nafasi ikapatikana. Likaja lile onyo la kutisha: kompyuta hii haikidhi masharti, na watengenezaji hawatawajibika kuisaidia kwa lolote litakaloipata. Fundi alilisoma mara mbili.

"Mimi mwenyewe tangu nizaliwe nani kanisaidia?" aliuliza, akabonyeza Endelea.

Feni ya ndani ilinguruma hadi jirani akaja kuchungulia. Kioo kikazimika, kikawaka, kikazimika tena. Fundi hakuinuka hata kunywa maji. Ilipofika saa nane mchana, kioo kilifunguka kikiwa na rangi ya buluu, safi, na neno Karibu.

* * *

Bi Taipu aliporudi na kuuona ukurasa wa ofisi ukifunguka bila kumfukuza, alipiga kigelegele hadi wapita njia wakasimama. Alimpapasa mumewe kichwani kama mtoto aliyefaulu mtihani. "Kumbe nimeolewa na mtu," alisema, na Fundi akavua miwani aifute, maana ilikuwa imepata ukungu.

"Haya, pisha nianze kutuma." Akakaa. Akatazama kioo huku na huko. "Kikapu changu?"

"Hicho hapo pembeni."

Alikifungua. Akakifunga, akakifungua tena. "Hakina kitu."

"Si nimekimwaga. Kilikuwa kimejaa takataka chungu nzima."

 Bi Taipu aliweka mikono yote miwili juu ya meza, kila upande wa kibodi. 

Mahakamani, kila mpiga chapa alikuwa na kikapu cha ukindu upande wa kushoto wa meza. Kazi ikimalizika, unaiweka kikapuni. Tarishi anapita, anaichukua, inakwenda kwa hakimu. Kazi isiyo kikapuni haijamalizika. Miaka ishirini na miwili vidole vyake vilifanya hivyo. Kisha mahakama ikawapunguza wapiga chapa, na badala ya kuwaaga kwa heshima ikampa kila mmoja kompyuta chakavu iliyokuwa inatolewa ghalani. Hakuna aliyewaonyesha lolote. Bi Taipu aliifikisha nyumbani kwa mkokoteni, akaiwasha, akaona kwenye kioo picha ya kikapu, akamshukuru Mungu kwamba aliyeitengeneza mashine hii anajua kazi. Tangu siku hiyo kila alichomaliza alikitupia humo. Akikihitaji hukitoa, hukichapa, hukirudisha. Kwenye Nyaraka aliacha zile ambazo bado.

"Maelezo ya watu wote yalikuwa kikapuni," alisema hatimaye. "Thelathini na nane. Na picha za karatasi zenye saini za mashahidi."

"Mke wangu, ile ni taka! Imechorwa taka! Nani anaweka mali kwenye taka?"

"Na nani aliniambia ni taka?" Sauti yake ilipanda hadi jirani akajiondoa dirishani. "Nani? Ulikuwa humu ndani miaka kumi na moja unanipita mgongoni na redio zako! Uliwahi kukaa hapa dakika moja ukatazama ninavyofanya kazi?"

Hakuwahi. Kweli ilimchoma. Alikimbia sokoni, bila hata kofia, na fundi simu akamsikiliza na kutikisa kichwa polepole. Mfumo mpya ulikuwa umekwisha andikwa juu ya yale ya zamani. Hayarudi.

Njiani kurudi Fundi alijiona mtu ovyo kuliko wote waliowahi kushika bisibisi. Na alikasirika pia. Kwa nini watu wazima wawili wagombane ndani ya nyumba yao kwa ajili ya kikapu cha kuchorwa? Mashine ilikuwa nzima. Mkewe alikuwa hodari. Mtaa ulikuwa na watu wake. Hakuna kilichokuwa kimeharibika hadi ofisi ilipoamua kwamba kimeharibika.

Alipoingia, alimkuta Bi Taipu amekwisha kaa wima mbele ya mashine, boksi la karatasi za Jumatatu miguuni.

"Vuta kiti," alisema, bila kumtazama. "Mimi nachapa, wewe unasoma. Na usisome kama unatangaza mpira."

* * *

Wakasoma na kuchapa Jumatano hadi jua kuzama, na Alhamisi kutwa nzima. "Mimi mkazi wa nyumba yenye mlango wa kijani, nimeishi hapa tangu mwaka ambao..." Fundi alisoma, na vidole vya mkewe vilikwenda kama mvua juu ya bati. Alikuwa hajawahi kuvitazama. Alishangaa kwamba kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda kabisa, kimepindishwa na kazi, na yeye mumewe hakujua tangu lini.

Karatasi nyingine boksini zilikuwa zimefifia kwa wino uliokuwa ukiisha. Watu wakaleta nakala zao, zilizokaa chini ya magodoro na ndani ya makopo ya biskuti. Nakala zenye saini zilipatikana zote isipokuwa ya mtu mmoja.

Bibi Cherehani alikuja na fimbo yake Alhamisi jioni. Alikuwa ameshona sare za shule za mtaa mzima, za Fundi mwenyewe pia. Shahidi wake alikuwa seremala jirani, na seremala alizikwa mwaka jana.

"Nakala yako iko wapi, bibi?" Bi Taipu aliuliza.

"Nilimpa yule kijana wa dirishani. Zote mbili. Aliniambia zote mbili ni za ofisi."

"Zote mbili?"

"Nami nikampa. Mtu wa serikali akikuambia lete, si unaleta? Lakini wewe si uliipiga picha ile yenye saini, mwanangu? Ukaniambia iko salama ndani ya mashine."

Bi Taipu aligeuza uso. Aliyejibu alikuwa Fundi, na hajawahi kutamka sentensi nzito kuliko ile. "Bibi, nimeifuta mimi."

Bibi alihamishia fimbo mkono wa kushoto. Kisha akafanya jambo lililomuumiza Fundi kuliko tusi: alimpigapiga begani, akasema, "Hukukusudia," akaondoka na fimbo yake kwenda kulala kwenye kiwanja wazi.

* * *

Ijumaa saa nne Bi Taipu alituma maelezo ya mwisho. Yote thelathini na nane yalikwenda, ya Bibi Cherehani yakiwa hayana saini ya shahidi, na ukurasa ukajibu Asante thelathini na nane. Saa nane mchana mtaa mzima ulikuwa umejipanga mbele ya dirisha namba mbili na mashahidi wao. Bibi Cherehani alikuwa wa kwanza. Fundi alishika mkono wake, ameamua kwamba kama ni kupiga magoti, atapiga.

"Maelezo yenu nimeyaona yameingia," paji la uso lilisema. "Ila hayafunguki."

"Hayafunguki kwa nini?" Bi Taipu aliuliza.

"Mmetuma kwa mfumo mpya mno. Kompyuta ya hapa haiusomi." Akakohoa kidogo. "Mngeleta karatasi ingekuwa nafuu."

Wapo waliofikiri hawakusikia vizuri. Bi Taipu alisikia vizuri sana. Aliweka viganja vyote viwili kwenye kizingiti cha dirisha.

"Rudia," alisema.

"Mama, usinipandishie sauti, mimi..."

"Rudia, wasikie! Jumatatu ulinifananisha na punda mbele ya watu. Ukanituma nikabadilishe mashine. Mume wangu amekesha na wasiwasi, mimi nimechapa hadi vidole vimevimba, kazi yangu ya miaka kumi na moja imefutika, bibi huyu amepoteza saini ya marehemu, ili nikutumie kitu ambacho wewe huwezi kukifungua? Kompyuta yako wewe ni mfumo gani?"

 Watu walianza kusogea, si kwa vurugu, ila walisogea wote, na mwanga wa dirishani ukapungua.

"Wameahidi kutuletea mpya," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Tangu mwaka juzi. Mkuu atataka orodha saa tisa. Huyo mzee wako ndiye aliyeigeuza ya kwenu? Mzee, hebu ingia upande huu utazame. Tafadhali."

Fundi alizunguka, akapita mlango ulioandikwa wasiohusika hawaruhusiwi. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani, na mashine iliyokuwa chini ya meza aliitambua mara moja: umbo lile lile, rangi ile ile ya meno, pacha wa ile ya nyumbani. Alitaka kucheka, akashindwa. Flashi nyekundu ilikuwa mfukoni. Aliinama kufuata waya wa kioo, na macho yake yakawa sawa na kile kilichokiinua kioo.

Lilikuwa rundo la karatasi lililofungwa kwa kamba. Zilikuwa zimeteleza kidogo, na kwa upande aliouona yeye kila karatasi ilikuwa na mstari mwembamba mweusi pambizoni.

Alikinyanyua kioo kwa mikono miwili, akakiweka mezani.

"Unafanya nini, mzee? Hicho ndicho kinanisaidia shingo."

"Mke wangu," Fundi aliita. "Njoo humu ndani."

Bi Taipu hakusoma maandishi ya mlangoni. Aliifungua kamba kwa vidole vyake vilivyovimba, akaanza kugeuza karatasi moja moja. Za juu zilikuwa na maduara ya vikombe vya chai. Nyumba ya mlango wa kijani. Nyumba ya kona. Nyumba yao wenyewe. Ya Bibi Cherehani ilikuwa karibu na chini, safi kabisa, nakala zote mbili, na saini ya seremala imeandikwa kwa ile kalamu yake nene ya kuchorea mbao. Aliinua nakala moja juu watu waione kupitia dirishani. Bibi Cherehani aliitazama saini, akaweka kiganja mdomoni.

"Ulisema zimehifadhiwa," Bi Taipu alimwambia karani. "Kweli umezihifadhi."

"Mimi nilizikuta... yaani, hakukuwa na kabati..."

"Piga muhuri."

"Utaratibu ni kwamba..."

"Ni saa tisa kasoro robo. Piga muhuri."

Akapiga. Ya Bibi Cherehani kwanza, kisha nyingine zote, thelathini na nane, akiandika kila moja kwenye orodha ya mkuu, na kila muhuri uliposhuka watu wa nje walihesabu kwa sauti. Fundi alisimama akimshikia karatasi mkewe, moja baada ya moja. Mkono wake mwingine ulikuwa mfukoni juu ya ile flashi, na aliuacha ukae humo humo.

Muhuri wa mwisho ulipopigwa, karani alifuta jasho. Kioo chake kilikuwa sasa kimekaa chini mezani, na kwa mara ya kwanza waliokuwa dirishani waliuona uso wake wote, uso wa kijana wa kawaida, mwenye chunusi kidevuni.

"Na kioo sasa nitakiweka juu ya nini?" aliuliza.

"Kiache hapo hapo chini," Bi Taipu alisema, akikusanya karatasi kifuani. "Utakuwa unatuona."